Wanaume Waliopenda Kipindi cha Nne

Kwa zaidi ya miaka minane mimi na mume wangu tumefundisha darasa la ndoa katika parokia yetu, nje kidogo ya Rwamgasa, na kwa miaka saba ya kwanza wanaume walisinzia katika kipindi cha nne. Kipindi cha kwanza walikuwa macho kwa sababu kilihusu taratibu za harusi. Cha pili na cha tatu, juu ya sala na malezi ya watoto, walivumilia. Cha nne kilikuwa changu: mwili wa mwanamke, siku zake, na njia ya asili ya kupanga uzazi ambayo Kanisa linaikubali. Nilibandika ukutani chati ya mwezi mzima, nyekundu kwa siku za hedhi, kijani kwa siku kavu, njano kwa siku za kushika mimba. Nikigeuka kuwatazama wachumba nilikuta wanawake wananitazama na wanaume wamelala. Wengi wao ni wachimbaji, wametoka shimoni alfajiri ya siku hiyohiyo. Mmoja aliwahi kukoroma mpaka mchumba wake akamfinya.

Mwaka wa nane hawakulala. Walikaa benchi la mbele, wakaja na madaftari. Mmoja alinyoosha mkono akauliza kama siku nyekundu inahesabiwa kuanzia asubuhi yake au kuanzia saa ile damu inapoonekana. Mwingine akataka kujua mwanamke anayekadiria mwezi ujao anaweza kukosea kwa siku ngapi. Niliwajibu kwa furaha, tena kwa maringo kidogo, na nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba neema imewashukia vijana wetu.

"Ni Roho Mtakatifu huyo, mama," alisema, akaendelea kukwangua tope kwenye buti zake.

Yeye ndiye aliyeongeza kazi ya nyumbani. Kila mchumba wa kike aandike chati yake kwa mkono wake, ampe mchumba wake wa kiume, naye ailete kwa mume wangu isahihishwe. Alisema mwanaume hajifunzi kitu mpaka ashike karatasi. Nikaona ana busara. Akaniomba na mimi niwe naandika chati mbili kila mwezi, moja ya kwetu nyumbani, na nyingine yenye makadirio ya mwezi unaofuata, awe anawaonyesha vijana. Nikaandika mbili, nikazipaka rangi vizuri kama mtoto wa chekechea.

Hapo ndipo ninapojikasirikia, maana mimi si mtu wa kuamini kirahisi. Nimezaliwa jirani na Kolandoto, nikakulia kwa bibi aliyekuwa anahesabu kuku wake kabla na baada ya mgeni kuingia. Nilipofundishwa dhambi ya asili katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza, wenzangu waliikariri kwa taabu. Mimi niliielewa palepale. Kwamba binadamu ameumbwa mwema lakini ana jeraha, na jeraha hilo linamvuta kujitazama yeye mwenyewe hata anapofanya jambo jema, hilo halikuhitaji katekista kunieleza. Nikimwona mtu amekuwa mwema ghafla, nauliza anatafuta nini. Kazi yangu ya cherehani imeniongezea ugonjwa huo. Wateja wangu hunidanganya kuhusu viuno vyao huku nimewafunga tepu.

Na bado wanaume kumi na wawili walikaa benchi la mbele kusikiliza habari za hedhi, na mimi sikuuliza wanatafuta nini. Niliwaombea rozari.

Niseme pia nilichokuwa nawafundisha, kwa sababu ndicho kilichogeuzwa. Niliwaambia Mungu hakumuumba mwanaume na mwanamke tofauti ili mmoja awe mkubwa na mwingine awe nyongeza. Aliwaumba tofauti ili asiwepo hata mmoja anayejitosheleza. Mwanaume akijitazama mwili wake peke yake haelewi una maana gani, na mwanamke vilevile. Ndiyo maana tunasema mwili ni zawadi: haukamiliki mpaka utolewe, na hautolewi mpaka mwenyewe akubali. Chati ile ilikuwa sehemu ya zawadi hiyo. Mwanamke anamwambia mume wake, hivi ndivyo nilivyo, jua, unitunze. Mara moja alikuja mjini kwetu mtoa semina mmoja kutufundisha kwamba mwanamke na mwanaume hawana tofauti yoyote isipokuwa ile ya malezi. Nilimsikiliza kwa heshima, nikanywa na soda zake, lakini nimepima miili ya watu miaka ishirini na sikuweza kumwamini.

Wachimbaji nao wanaamini kuna tofauti. Huku kwetu kila mtu anajua mafundisho ya duara, hata asiyeyafuata. Duara ni lile shimo na watu wake, wenye hisa na wanaozama, yaani wanaoshuka kuchimba. Mwanamke aliye katika siku zake akisogea kwenye duara, dhahabu inakimbia. Mume aliyelala naye kitanda kimoja au kula chakula chake siku hizo asizame, maana ataishusha damu hiyo mpaka kwenye mwamba wa dhahabu. Nilipokuwa nafikiria mambo hayo, na niliyafikiria mara chache, nilijiambia ni ya wapagani na walevi. Mume wangu alikuwa na hisa katika duara moja, lakini alikuwa pia msomaji wa masomo Jumapili. Niliona vitu hivyo viwili haviwezi kukaa kwenye kichwa kimoja. Kwa mtu anayejisifu kuijua dhambi ya asili, huo ulikuwa ujinga wa hali ya juu.

Machale yalianza kunicheza wakati wa Kwaresima. Mume wangu alianza kulala sebuleni kwenye mkeka. Alisema mgongo unamsumbua, kitanda ni laini mno. Nikampa pole na dawa ya kuchua. Baada ya siku tano mgongo ukapona. Mwezi uliofuata ukauma tena, ukapona tena. Kisha siku zilezile za mkeka akawa hali nyumbani. Anasema ameshiba, amekula na wenzake kwenye duara. Akaanza kufua mwenyewe nguo zake za shimoni. Mwanaume wa Kisukuma, miaka kumi na tisa ya ndoa, anafua! Jirani yangu aliponipongeza kwa kuwa na mume wa kisasa nilicheka naye, nikaingia ndani nikakaa kwenye kitanda nikashika tama.

Siku za njano tulikuwa tunajizuia kwa makubaliano yetu, kwa sababu watoto wetu wawili wanatutosha na daktari alinionya juu ya mimba nyingine. Hilo sikulalamikia kamwe. Tulikuwa tukizipitisha pamoja, tukicheka, tukipeana chai. Sasa zikaongezeka siku za mgongo. Na katika siku za mgongo hakuna kucheka wala chai. Alikuwa akinipita mlangoni kama mtu anayepita karibu na jiko la moto akiwa amebeba petroli. Hata Jumapili ya mwezi wa tatu wa ugonjwa huo, tulipofika mahali pa kupeana amani kanisani, aligeuka akampa mkono mzee wa nyuma, akampa na mtoto wa mbele, na mimi akaniinamia kichwa.

Nilijua ana mwanamke. Mtu mwingine angefikiria nini? Niliumia ndani kama nimemeza sindano, na nikaanza kutafuta ni nani. Niliwapima wanawake wa parokia mmoja mmoja, bila tepu. Mwisho nilimfikia mamantilie wa duara lao, maana mume wangu alisema mwenyewe anakula huko, na mwanaume akihamisha tumbo lake, nilijiambia, kilichobaki kitafuata.

Kabla sijakwenda, alinijia binti mmoja wa darasa letu. Alikuwa amebakiza tangazo moja tu la ndoa kanisani. Alinikuta kwenye cherehani, akapiga goti kidogo, akanisalimia.

"Shikamoo, mama mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gauni lako bado kola tu."

"Mama, huenda lisihitajike." Akaanza kulia. "Amesema tusubiri kwanza. Anasema chati yangu haieleweki. Siku zangu zinaruka, mara ziwahi, mara zichelewe. Anasema wenzake hawataki."

"Wenzake wepi?"

"Sijui, mama. Alisema hivyo tu, wenzangu hawataki."

Nilimwambia siku kuruka ni jambo la kawaida kwa wasichana wengi, nikamfuta machozi na kipande cha bitana. Lakini alipoondoka neno lile lilinikaa kichwani. Kwa nini wenzake wawe na maoni juu ya siku za binti wa watu? Nilidhani labda kijana anatafuta kisingizio tu, naye ana mwanamke mwingine kama mume wangu. Nilikuwa nimeshaamua kwamba wanaume wote wa mji ule wana wanawake wengine, na sikutaka ushahidi unaosema vinginevyo.

Kesho yake saa nne asubuhi nilichukua bodaboda mpaka kwenye duara. Nilibeba kitambaa cha gauni ili niseme nimekuja kumpima mteja. Duara limezungushiwa kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu, na banda la mamantilie liko nje ya kamba, hatua chache tu. Nilitarajia kumkuta msichana wa kope na wanja. Nilimkuta mama wa miaka sitini na kitu, kichwa cheupe, anachambua mchicha. Aliponiona alisimama upesi, na hakunisalimia kwa mkono.

"Mwangaluka, mayu," aliniamkia kwa Kisukuma, mayu yaani mama, akarudi nyuma kidogo. "Usisogee zaidi hapo, tafadhali. Wewe si uko nyekundu leo?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Nimeambiwa tangu asubuhi nimpakulie mumeo," akaendelea, akiwa na haya ya kweli, si ya kuigiza. "Kila mkiwa nyekundu mnatajwa, ili waume zenu wale hapa wasizame. Mimi nimeruhusiwa kukaa karibu kwa sababu nimeshavuka, mayu. Zangu zilikoma zamani."

"Mnatajwa na nani?"

Alinyoosha kidole kuelekea ndani ya kamba. Kulikuwa na hema la turubai la msimamizi wa duara, na kwenye nguzo yake ulining'inia mfuko wa plastiki angavu uliojaa karatasi. Hata kwa umbali ule niliona rangi. Nyekundu, kijani, njano. Yangu ilikuwa juu. Naijua kwa sababu mistari yangu huipiga kwa rula ya cherehani.

Mama yule alinieleza yote kwa sauti ya chini huku akichambua mchicha. Zamani wachimbaji waliapa tu kwamba wake zao ni safi, na wengi waliapa uongo ili wasikose kuzama. Mwamba ukakauka. Wakaenda kwa mfumu, yaani mganga, naye akasema aletewe ushahidi wa mkono wa mwanamke mwenyewe. Neno la mwanaume halitoshi. Hawakujua wataupata vipi. Ndipo mume wangu aliposema yeye na mkewe wana njia inayokubaliwa hata na Kanisa, yenye hesabu na rangi, na kwamba anaweza kuwafundisha vijana wote wanaojiandaa kuoa.

Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mwanamke mwingine. Ningejua la kufanya: ningelia, ningepiga kelele, ningemwita paroko na wazee wa jumuiya. Lakini kumkuta mwanamke huyo kuwa ni mimi mwenyewe, nimetundikwa kwenye nguzo ya hema nisomwe na wanaume kumi na tano wakiwa wanakunywa uji, kwa hilo sikuwa na adabu wala matusi. Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Jioni mume wangu aliporudi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake.

"Niambie kuhusu mfuko," nilisema.

Hakukana. Hilo namsifia. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mbali nami, akavua kofia.

"Mama, sikuona ubaya. Kwani Kanisa lenyewe halisemi kuna siku za kujizuia? Tunahesabu siku, tunapaka rangi, tunakaa mbali. Miaka minane tunawafundisha watu hivyo. Tofauti ni nini?"

Alikuwa ametumia maneno yangu mwenyewe, na yalimkaa vizuri mdomoni kuliko yanavyokaa mwangu. Jibu langu lilitoka na machozi.

"Tukijizuia siku za njano, tunajizuia wote wawili kwa ajili yangu, nisife. Huku unajizuia na mimi. Mimi ndiye mkosi. Na huko kwenye njano uliniuliza. Huku uliniuliza lini?"

"Ungekataa."

"Sasa hilo ndilo jibu lenyewe, baba."

Nikamweleza habari za binti yule na tangazo lake lililobaki. Hakuwa anajua, na niliona habari hizo zimemgusa. Alijipangusa uso kwa kofia. Nikamwambia sitasimama tena mbele ya wachumba pamoja naye, wala sitakaa naye benchi moja kwenye misa, mpaka karatasi za mabinti wote zitoke kwenye ule mfuko. Nilisema hivyo kwa ukali lakini ndani nilikuwa nimeshika roho mkononi. Nilichokuwa nauliza hasa ni kama bado nina mume au nina mwenye hisa wa duara anayekuja kulala kwangu siku za kijani. Alielewa. Alisema, "Kesho nazirudisha."

Kesho yake alirudi mapema, mchana wa saa nane, na bahasha ya kaki. Aliiweka mezani akasimama wima, kama mtu aliyeleta zawadi. "Zote," alisema. "Wamenitukana, lakini nimezitoa zote."

Nilizipitia moja moja. Binti wa kola alikuwamo, na zile rangi zake zilizorukaruka. Mabinti wa kwaya niliowafundisha walikuwamo. Nilirudia tena tangu mwanzo.

"Na yangu?"

Akatazama dirishani. "Mama, elewa. Walisema za mabinti nichukue, bado hawajaolewa, ni za watu. Lakini mwenye hisa akiondoa ya mkewe anaondoka na yeye. Tumekaribia mwamba. Wiki mbili, tatu tu. Ya kwako ikae huko kwanza."

"Ya kwangu."

"Wewe ni mke wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ndiyo maana iliniumiza zaidi. "Mwili wa mke ni wa mume. Si ndivyo tunavyofundisha? Yako ni yangu, mama. Nimewapa iliyo yangu."

"Tunafundisha na upande wa pili. Wa mume ni wa mke. Wako uko wapi?"

Akachukua taulo, akaenda kuoga.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi yake nilivaa kitenge changu cha wanawake Wakatoliki, kile cha sare, nikajifunga kilemba. Ilikuwa siku yangu ya tatu. Nilisali Salamu Maria nusu, nikaona naomba nguvu ya kufanya fujo, nikaacha. Mume wangu alikuwa ameshatoka. Alikuwa hazami siku hizo, lakini alishinda pale juu akisaidia kuvuta ndoo. Nilimwambia dereva wa bodaboda anisubiri na asizime pikipiki.

Nilifika jua likiwa limeshachoma. Mamantilie aliniona kwa mbali akashika mdomo. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," nikapita banda lake, nikainua ile kamba yenye vitambaa vyekundu kwa mkono wa kulia, nikainama, nikaingia.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule kwenye machimbo. Mwenye winchi aliachia mpini. Watu waliokuwa juu walirudi nyuma, wanaume wenye vifua kama milango, wakirudi nyuma mbele ya mama mwenye cherehani. Kutoka chini shimoni mtu alipaza sauti akiuliza kuna nini, na hakuna aliyemjibu. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye gogo la kuegemezea shimo. Alisimama, akabaki hapohapo.

Msimamizi alitoka hemani ananyoosha viganja. "Mama, tafadhali! Mama, uko... mama, rudi nyuma!"

"Niko nyekundu," nilisema. "Siku ya tatu. Mnajua nyinyi wenyewe, mnayo karatasi. Nimekuja kuichukua."

"Tutakuletea."

"Nimeshafika."

Nilipiga hatua moja zaidi kuelekea shimo, na nakiri niliipiga kwa makusudi. Msimamizi alikimbilia mfuko, akaupasua, akanitupia karatasi kwa mbali. Ikadondoka kwenye vumbi. Niliiokota, nikaipangusa, nikaikunja mara mbili nikaiweka kifuani. Hasira ilikuwa imeshaisha, imebaki aibu. Nilikuwa nimesimama mbele ya wanaume kumi na tano nikitangaza hedhi yangu kwa mdomo wangu, jambo ambalo mama yangu asingelisema hata mbele ya dada zake, na nilifanya hivyo ili kudai kwamba ni siri. Nilijua wazi kuwa watakuwa wamenielewa vibaya. Nilijua pia kwamba kama mwamba usipotoka mwezi ule, au ukitoka mtu akiumia, jina litakalotajwa ni langu mpaka watoto wangu waoe.

"Tumeharibikiwa," alisema mmoja, na wenzake wakaanza kunung'unika.

Msimamizi aligeuka kwa mume wangu. "Bwana, huyu ni mkeo. Sema."

Wote walimtazama, na mimi nilimtazama. Hapo ndipo nilipotaka neno. Sikuhitaji hotuba. Angesema tu, "Ndiyo, ni mke wangu," kwa sauti ya mtu anayesema ukweli, ningerudi nyumbani nikapika. Alitazama shimo, akamtazama msimamizi, akatazama chini.

"Sikumtuma," alisema.

Msimamizi alitema mate pembeni. "Basi hisa yako tutaijadili. Mama, ondoka."

Niligeuka. Niliinua kamba tena, nikampita mamantilie aliyekuwa ananitazama kwa macho yaliyojaa kitu ambacho sikuweza kujua ni huruma au hofu. Nilimwambia dereva wa bodaboda aende zake, maana nilijua nikikaa nyuma ya mtu nitaanguka. Nikaanza kutembea kwenye njia ya vumbi kurudi nyumbani.

Nilikuwa nimefika mahali ambapo kelele za makarasha, zile mashine za kusaga mawe, zinaanza kuzidi za watu, niliposikia buti nyuma yangu. Sikugeuka. Buti ziliongeza mwendo, zikapunguza zilipokaribia, na mume wangu akawa ubavuni pangu. Alikuwa anahema. Baada ya muda alinyoosha mkono, akashika wangu, ule wa siku ya tatu, mbele ya watu waliokuwa wakipita na baiskeli za mawe, na hakuuachia mpaka tulipofika mlangoni.

Tangu siku ile analala kitandani, siku zote za rangi zote. Binti wa kola aliolewa na kijana mwingine mwaka uliofuata, na nilimshonea gauni jipya. Mume wangu sasa anafanya kazi ya kupakia mawe kwenye makarasha, kazi ya jasho aliyopewa kwa hisani, na Jumamosi anasimama nami mbele ya wachumba, na katika kipindi cha nne anakaa kimya nyuma ya darasa. Ni mume mwema. Kila mtu anasema hivyo na mimi naona hivyo.

Lakini siku ile, kati ya mimi kuinua kamba mara ya pili na yeye kunifikia barabarani, zilipita dakika ambazo sikuwapo. Kuna mambo yalisemwa pale juu. Ama aliwaacha akanifuata, ama walimfukuza akawa hana pengine pa kwenda. Nimeshafungua mdomo kumuuliza mara nyingi, tukiwa tunakula, tukiwa tunarudi kanisani. Sijawahi kumuuliza. Najua atanijibu kwamba alinifuata kwa hiari yake, najua atanijibu kwa upole, na najua sitamwamini.